Hata Maji Yamekubali

Asubuhi ile Nakijwa alikuwa anabandika stika za jubilei kwenye kalenda, moja baada ya nyingine, pale meza ya mapokezi ya Ghala la Kumbukumbu. Haikuwa kazi yake. Yeye ni fundi, kazi yake iko ndani kwenye vyumba vya baridi. Lakini dada wa mapokezi alikuwa ameenda kujaribu sare ya sherehe, na Nakijwa ni mtu ambaye ukimwambia nishikie hapa dakika tano, hajui kusema hapana. Dakika tano zilikuwa zimeshafika saa nzima.

Kalenda zenyewe zilikuwa nzuri. Juu picha ya ndiva, lile bwawa la mawe la kumwagilia mashamba ambalo Wapare walilichimba zamani sana, kabla mtu yeyote hajaota kwamba pembeni yake kitasimama chuo kikuu. Chini, kwa herufi za dhahabu: CHUO KIKUU CHA NDIVANI, MIAKA SITINI. Na chini kabisa ile kauli inayoshonwa hata kwenye soksi za wanafunzi: Hata maji yamekubali.

Stika moja ikamponyoka. Akaifuata chini kwa kuchuchumaa, mgongo wima, shingo wima, macho yanatazama mbele kama anapigwa picha ya pasipoti, akawa anapapasa sakafu kwa vidole mpaka akaipata.

"Loo!" Mlinzi wa mlangoni, mzee Kirumbi, akacheka. "Shingo ya Ndivani hiyo! Utadhani umemeza ufagio."

"Niache bwana."

"Hebu niambie, kuinama kunalipiwa ushuru?"

Nakijwa akatabasamu tu. Utani huo anausikia tangu mwaka wa kwanza. Kila aliyesoma Ndivani ana shingo hiyo, haikunji. Kanisani wenzao wakiinamisha vichwa, wao wanapiga magoti wima. Mtaani watu wanasema ni maringo ya shule ya matajiri. Wandivani wenyewe wanaipenda, maana ukiingia kwenye usaili wa kazi bosi anakuona tu unavyokaa, anajua umetoka wapi.

Na wote wanajua imetoka wapi. Siku unayopokelewa chuoni, kabla hata hujapewa ufunguo wa bweni, unavishwa kofia na kumwagiwa Siku ya Kwanza. Sio video, sio masimulizi. Ni kumbukumbu. Ukivua kofia, na wewe unakumbuka chuo kilivyozinduliwa, kama ulikuwepo. Unakumbuka harufu ya maua ya kahawa. Unakumbuka wanafunzi kumi na mmoja wa kwanza wamesimama mbele ya banda la mabati. Unakumbuka mwanzilishi, Profesa Heriel Mfumbwa, na jembe lake jipya lenye utepe, anasema chuo hiki hakitaomba ruhusa kwa mtu. Halafu anakaa kimya. Na katika ule ukimya, kutoka ndivani, sauti moja: chubwi. Profesa anacheka na kunyoosha mkono, "Mmesikia? Hata maji yamekubali!" Makofi.

Hapo kwenye chubwi ndipo watu wanapotokwa na machozi ya furaha. Watu elfu arobaini na moja, mawaziri, madaktari, marubani, wote wanayo. Ndio maana kila anayehitimu anapita ukingoni mwa ndiva, anatupa jiwe, na kusema ile kauli. Wanasema macho tunayotumia kuiona siku ile ni ya msajili wa kwanza, marehemu Bwana Kasese, mtu aliyekuwa na nidhamu mpaka shingoni.

"Hodi."

"Karibu. Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja kuchukua siku yangu."

Kirumbi akamkonyeza Nakijwa. Huyu ndiye Bibi Siku. Kila mwaka wiki ya sherehe lazima aje, amevaa kitenge chake safi, viatu vimefutwa vumbi. Nakijwa alikuwa anamsikia tu kwenye stori za chai.

"Bibi, siku ziko saba," Kirumbi akasema. "Unataka ipi? Jumapili zimeisha."

"Wewe Kirumbi nyamaza. Nimekujua unaanika godoro juani kila asubuhi, na sababu unaijua." Bibi akavuta kiti, akakaa. Hakuonekana kichaa hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia Nakijwa aibu. "Nataka ile mliyozindulia chuo. Mjukuu, wewe mgeni hapa mezani, ngoja nikueleze. Siku ile mimi ninayo mpaka alfajiri. Nimemvisha Mbonea sweta, mwanangu, miaka minne. Fundi wenu mmoja akaja kwetu wabeba maji, akanipa kata mpya ya kichwani, laini kweli, akasema ni zawadi ya sherehe. Nikaiweka, nikajitwisha ndoo. Basi. Baada ya hapo ninayo kesho yake. Watu wamejaa kwangu wananipa pole."

"Pole ya nini, bibi?"

"Na mimi nikawauliza hivyo hivyo! Wakasema Mbonea amekufa, jana tumemzika, na wewe mwenyewe umemtia udongo. Mimi? Sina. Nikitafuta kichwani, sina. Baba yake akaniuliza, mwanamke gani anasahau kumzika mwanawe? Akabeba mabegi yake akaondoka, mpaka leo." Akanyoosha kitenge magotini. "Miaka sitini, mjukuu. Mtoto akilia njiani, nageuka. Labda walinidanganya. Labda yuko mahali."

Nakijwa alitamani meza immeze. Mikono yake ikafanya jambo la kwanza ililolifikia. Ikachukua kalenda moja, ikampa.

Bibi akaipokea kwa mkono wa kushoto. Kidole chake kidogo kilikuwa kimepinda, kimeangalia nje. Akafunua Januari, akafunua Februari.

"Hizi ni siku zenu," akasema taratibu.

Akaandika kwenye daftari la wageni, jina, namba ya simu, shida. Akaaga vizuri, akatoka. Kirumbi akapasuka kicheko: "Kalenda! Nakijwa, wewe umezidi!" Na Nakijwa, kwa aibu tu, kwa kutotaka kuonekana mjuaji, akacheka na yeye.

*

Saa nne alikuwa chumba namba mbili, mlango umefungwa, kofia kichwani.

Kazi aliyopewa na mkuu wa Ghala, Daktari Sifaeli Mrutu, ilikuwa ndogo. "Mwanangu, kuna mkwaruzo," alimwambia. "Baada ya chubwi, kabla ya makofi. Kwenye kofia zetu hausikiki, lakini kesho tunairusha nchi nzima, kila mwenye simu ataivaa. Ulainishe tu. Usiuchokonoe."

Kumbukumbu inashonwa kama nguo. Ukitaka kutoa kipande kirefu, unakata huku, unakata kule, unaunganisha ncha mbili, na penye muunganiko panabaki kinundu. Mafundi wavivu wanapitisha joto juu yake, kinalala. Lakini Nakijwa alifundishwa na mama yake, fundi cherehani wa Same mjini, kwamba mshono mbaya haupigwi pasi, unafumuliwa na kushonwa upya. Aliona anafanya vizuri zaidi ya alivyoagizwa. Akafungua kumbukumbu mama, ile ya asili ambayo nakala zote zimetoka kwake na hakuna anayeigusa, akaweka kidole chake kwenye kisomeo cha alama za vidole, akakata uzi.

Alitarajia kukuta pengo. Kumbe kipande kilikuwa bado kimo, kimekunjwa ndani kama pindo.

Maua ya kahawa. Banda la mabati. Lakini sasa kulikuwa na uzito. Uzito juu ya utosi, wa baridi, unaotikisika, na tone moja la maji likashuka nyuma ya sikio. Mkono ukainuka kushika ndoo. Mkono wa kushoto. Kidole kidogo kimepinda, kimeangalia nje.

Nakijwa akakijua kidole kile.

Profesa na jembe lake. Chuo hiki hakitaomba ruhusa. Ukimya.

Chubwi.

Na mwili ule ukajua. Hakuna aliyeuambia, ulijua hapo hapo. Shingo ikataka kugeuka upande wa ndiva, na ndoo ikayumba, na sauti ya msimamizi ikaja kwa nyuma, ya chinichini, kali: "Naetwe! Usigeuke! Maji ya wageni hayo!"

"Mmesikia?" Profesa akacheka. "Hata maji yamekubali!"

Makofi. Makofi mengi, marefu. Na shingo imenyooka. Anahesabu makofi yaishe. Macho yamekodolea mbele, yanatafuta pembeni bila kichwa kugeuka, yanatafuta sweta jekundu pale kwenye jiwe alipoliacha. Jiwe lipo, sweta halipo.

Halafu ndoo ikaanguka.

Nakijwa alipiga mbio kwa miguu isiyo yake. Alipiga kelele jina la mtoto ambaye hakumzaa. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia kabisa, viduara vya mwisho vinagusa ukingo. Kata bado ilikuwa kichwani, imebana, inarekodi. Ilikuwa kichwani mwanaume mmoja alipotoka majini na kile kisweta kinachuruzika. Ilikuwa kichwani jioni, udongo mwekundu, ngumi moja, unamwagika. Ikavuliwa na mkono wa fundi mmoja mpole aliyesema pole sana mama, hebu nikupunguzie hiki.

Akavua kofia. Alikuwa ameketi sakafuni, hajui ameshukaje kwenye kiti. Mkono wake ulikuwa umekunja ngumi. Alipoufungua hakukuwa na kitu ndani.

Kitu cha kwanza kilichomjia kichwani kilikuwa jiwe lake mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita, joho jeusi, mama yake anapiga vigelegele, na yeye kwa furaha akachagua jiwe kubwa kuliko ya wenzake.

*

"Nilikwambia usiuchokonoe," Daktari Mrutu akasema.

Hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alifunga mlango, akakaa kwenye ngazi ndogo ya kufikia rafu, mzee wa watu, mgongo wima, miwani mkononi.

"Ulikuwa unajua," Nakijwa akasema.

"Miaka ishirini na mbili. Niliivaa mara moja. Miezi mitatu nikawa siwezi kuoga maji ya ndoo."

"Yule bibi anakuja kila mwaka, daktari! Anakuja, tunamcheka. Mimi leo nimempa kalenda."

"Sikiliza, mwanangu. Mashine ile ilikuwa ya kwanza duniani, wenyewe hawakujua inafanya nini. Kichwa kikitikisika ilikuwa inaharibu. Profesa mwenyewe walimjaribu, ikatoka ukungu mtupu, mtu hatulii. Ndipo mmoja akasema, nani hapa anakaa na kichwa bila kukitikisa kutwa nzima? Wakaificha kwenye kata. Walidhani inanakili. Kumbe inang'oa. Wamekuja kugundua jioni, na siku imeshatoka yote, na pamoja nayo..." Akafuta miwani ambayo haikuwa chafu. "Na ilikuwa imetoka safi. Hawajawahi kupata safi kama ile. Kwa hiyo ndio tukapata fedha za wafadhili, tukapata jengo, tukapata watu. Leo hii daktari mpya wa Simiyu anapasua mtoto kwa kumbukumbu za mikono ya mpasuaji mwenye miaka thelathini ya kazi. Wazee wanaopotewa na kumbukumbu tunawarudishia majina ya wajukuu zao. Wewe mwenyewe umesoma bure hapa. Vyote vimetoka kwenye kata ile."

"Inaweza kurudi kwake?"

Mrutu akatazama rafu.

"Daktari. Inaweza?"

"Kofia moja, dakika kumi," Mrutu akasema. "Siku zote imeweza."

Miaka sitini, na dawa yenyewe ni dakika kumi.

"Basi kwa nini..."

"Kwa sababu umeisikia!" Kwa mara ya kwanza sauti ikapanda. "Umeisikia mwenyewe. Sasa hivi yule mama ana mtoto ambaye labda yuko mahali. Wewe utamwendea, mtu wa miaka themanini na mbili, umwambie hapana, huyu hapa, anazama, na wewe umesimama na ndoo kichwani unasikiliza makofi? Umpe sauti ile aende nayo kaburini? Hiyo ndiyo haki unayoitaka?"

Lililomuumiza Nakijwa ni kwamba mzee hakuwa anadanganya. Angekuwa anadanganya ingekuwa rahisi.

"Na kesho?" akauliza mwisho. "Nchi nzima itaivaa. Watoto wa chekechea wataivaa. Watacheka pale pale."

"Watafurahi. Hawatajua."

"Yule bibi ana simu, daktari. Na yeye ataivaa."

Mrutu hakuwa amelifikiria hilo. Lilionekana usoni, likapita kama kivuli, halafu akasimama, akavaa miwani. "Bila mshono haiwezi kurushwa, na kisomeo kimeshachukua kidole chako, mwingine hawezi kuufunga. Saa kumi nataka imeshonwa." Akafika mlangoni, akalegeza sauti tena. "Wewe ni mtoto mzuri, Nakijwa. Hujawahi kunisumbua."

*

Alikaa na sindano mkononi mpaka chai ikapoa mara mbili.

Alijaribu kuishona. Ni kweli, alijaribu. Akazivuta ncha mbili zikakaribiana, kule chubwi, huku makofi, na kila zikikaribia uzi unamteleza vidoleni. Akawaza amwache bibi na labda yake. Labda ni kitu kizuri, labda. Mtu anaweza kuishi ndani yake. Halafu akamkumbuka alivyosema, mtoto akilia njiani, nageuka. Miaka sitini shingo ile inageuka, inalipa ile mara moja iliyokatazwa, na mwenyewe hajui inalipa nini.

Saa tisa na nusu akatoka kwenda mapokezini. Kirumbi alikuwa dirishani, anatazama mazoezi ya sherehe.

"Bibi Siku amepita njia gani?"

"Ameshapanda gari la saa saba huyo. Vipi, unataka umpelekee na ya mwaka kesho?"

"Usimwite jina hilo tena," Nakijwa akasema, na sauti ilitoka kubwa mpaka yeye mwenyewe akashtuka. "Anaitwa Naetwe. Bibi Naetwe."

Akafungua daftari la wageni. Naetwe Kilave. Namba ya simu. Kwenye shida, kwa mwandiko wa shule ya zamani, wa kulala: siku yangu. Akafunua la mwaka jana, lipo kabatini. Naetwe Kilave, siku yangu. Mwaka juzi. Na ule mwingine. Namba imebadilika mara nne, shida ni ile ile. Hakuna mahali alipoandika siku nzuri. Hakuna mahali alipoandika wapi mwanangu. Ameandika yangu. Na katika watu wote walioihangaikia siku ile, wakaikata, wakaishona, wakaivaa, wakaililia, hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza.

Akarudi chumba namba mbili, akafunga kwa ndani. Nje mazoezi yalikuwa yamefika sehemu ya mawe. Walikuwa wanajipanga ukingoni, alisikia mtu anapanga foleni kwa kipaza sauti, msisukumane jamani, mmoja mmoja.

Chubwi. "Hata maji yamekubali!"

Aliandika kwenye simu, akafuta. Akaandika tena. Alikuwa mwepesi kwa maandishi kuliko kwa mdomo siku zote, lakini leo kila neno lilikuwa linatoka kama jino.

Shikamoo bibi. Mimi ni Nakijwa, yule wa kalenda asubuhi. Nisamehe kwa ile kalenda. Siku yako ipo, nimeiona, na Mbonea yumo. Hawakukudanganya, bibi. Hukumsahau, ulinyang'anywa. Ni nzito sana, kuna sehemu mimi nimeshindwa kusimama. Ukiitaka narudisha leo hii hii, nakuja nayo mpaka nyumbani. Ukisema ibaki, itabaki. Kesho hakuna atakayeivaa mpaka useme wewe. Chochote utakachosema ndicho.

Chubwi. Vicheko. "Hata maji..."

Akabonyeza.

Imetumwa. Imefika. Akaiweka simu mezani karibu na sindano, akaitazama. Dakika moja. Dakika nne. Halafu lile neno dogo likabadilika: imesomwa.

Akasubiri.

Saa kumi ikagonga kwenye mnara wa chuo. Mtu akagonga mlango, taratibu kwanza, halafu kwa nguvu, "Nakijwa! Mwanangu! Umeshona?" Nje jiwe lingine likaingia majini, na Nakijwa, ambaye tangu avishwe kofia ile hajawahi kufanya hivyo kwa sauti yoyote ya maji, akageuza shingo yote kuelekea ndivani.

Ilimuuma.

Aliporudisha macho mezani, simu ilikuwa vilevile. Imesomwa, saa tisa na dakika hamsini na mbili. Chini yake peupe.